Kigelegele cha Kings Heath

Jumapili, usiku

Sasa hivi mwanangu Neema alikuwa akiimba kitandani ule wimbo wa leo, na alipofika mahali pa kunyamaza akajiziba mdomo kwa mkono. Miaka minne tu. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo.

Tulienda kanisani Kings Heath, huku ugenini, kusikiliza muziki wa Waingereza wa zaidi ya miaka mia iliyopita. Nyimbo za mitaani watu waliziitikia, wakacheka. Kisha ukaja wimbo wa fidla na piano, mtamu mpaka nikalengwa na machozi. Fidla iliponyamaza nikajua umeisha, nikapiga kigelegele kama cha harusini. Neema naye akapiga chake.

Kanisa zima likageuka. “Bado, mpenzi,” bibi aliyeketi kando yangu akaninong'oneza. “Hiyo ni sehemu ya kwanza tu.”

Nikamfinya Neema paja. “Nyamaza, unaniaibisha!” Yeye! Na kosa ni langu.

Kutazamwa nitazoea. Naogopa mtoto hatapiga kigelegele tena maishani. Kesho nitamwomba msamaha, nimwambie kwamba kwetu kigelegele ni…

Ananiita. “Mama! Wimbo umeisha wote! Piga sasa!”