Kidari cha Krismasi

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini nitaanzaje bila kukuamkia?

Ng'ombe amezaa, ndama jike. Upepo uliangusha migomba miwili karibu na kaburi lako, iliyobaki nimeiwekea miti. Mama amehamia kwa dada, anasema nyumba inamkodolea macho. Basi nyumba ni yangu sasa, mimi kitinda mimba wako, kama mila inavyotaka. Sikuwa na haraka nayo.

Korona haikukuua, baba. Ulitoka kwenye oksijeni ukarudi Mwika, ukatembea mwenyewe hadi kanisani. Miezi baadaye ndipo meno yakalegea, fizi zikavimba, mdomo ukatoa harufu. Sisi tukasema ni jino. Daktari wa mjini akasema ugonjwa ule umeua mfupa wa taya. Usitafune kitu kigumu, urudi baada ya sikukuu upasuliwe.

Sikukuu ikafika. Ukoo mzima uko uani, mbuzi ameiva, kidari ni fungu lako. Ukanivuta shati, ukaninong'oneza, "Mwambie mkeo anipondee kwenye mtori." Nami, mjinga mimi, nikaona haya. Mtori, supu ile nzito ya ndizi na nyama, ni wa wanawake waliojifungua, wadogo zako wangecheka. Nikakwambia, "Watu wanatazama, baba. Tafuna kidogo tu."

Ukatafuna. Nilisikia taya likivunjika. Ukajifuta damu kwa leso, ukasema, "Nyama tamu." Ulinisitiri mbele yao wote, mimi niliyekuponza. Usaha ukaingia kwenye damu, na masika hayajaanza tukakuzika kihambani, kwenye migomba yako.

Sijamwambia mtu. Hata daktari sikumwambia ulikuwa unatafuna nini. Alisema pengine taya lingevunjika tu. Hiyo "pengine" ndiyo ninayolala nayo na kuamka nayo.

Juzi Krismasi ilirudi, kidari wakanipa mimi. Nikampa mke wangu akakiponda na ndizi, nikanywa mtori mbele ya ukoo mzima. Baba mdogo akaniuliza nimejifungua lini. Wakacheka kidogo, wakaendelea kula. Ni hicho tu, baba. Kicheko chenyewe nilichokiogopa ni hicho tu.

Kila Krismasi nitafanya hivyo hivyo, maadamu nina meno, ingawa hilo halikurudishii kitu. Lala, baba yangu.

Mtori ulikuwa laini. Ungeumeza.