Sura ya Kamugisha Kitabuni mwa Memsahib

Entebbe, Uganda

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mvua imefika huko Kamuli, na kahawa imechanua? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila moyo bado.

Barua uliyomwandikisha katekista niliipata. Uliniuliza jambo moja tu: mdogo wangu Kamugisha alikuwa na sura gani alipofariki, maana alitoka nyumbani mvulana, ndevu zake hukuziona. Nililia jikoni mpaka maziwa yakafura yakamwagika. Homa ilimmaliza upesi, akazikwa huku huku, na hakuwahi kupigwa picha hata siku moja.

Unajua mimi nampikia memsahib, yule bibi wa Kizungu, na Kamugisha alikuwa akimtunzia bustani. Sasa memsahib amezeeka, anarudi kwao. Juma lililopita aliniita nimsaidie kufunga vitabu vyake vya michoro, vile vikubwa vya jalada la ngozi. Mama, vina kila kitu! Makanisa ya kwao yaliyopigwa chapa kwa wino mweusi, ndege, milima, maneno aliyonakili kwenye mawe ya makaburi, hata majina ya wageni na dua walizomwandikia. Nikafunua ukurasa, nikamwona Kamugisha. Amesimama penye migomba, ameegemea jembe, ndevu chache kidevuni. Chini imeandikwa "Kamugisa, mtu wa bustani."

Nikakaa sakafuni.

"Memsahib, nakuomba ukurasa huu. Mama yangu hajui hata kaburi lake lilipo."

Akapapasa mshono wa kitabu. "Adventina, nikiuchana, kurasa zote zitaachia. Nimemwahidi dada yangu kwamba kitabu kitamfikia kizima."

"Basi mchore tena."

Akachukua penseli. Vidole havikumtii, mstari ukaenda upogo. Akajaribu tena, kisha akaiweka penseli chini. "Siwezi tena," akasema, machozi yakimlengalenga.

Akanipa karatasi nyembamba inayoonyesha kilicho chini yake. Nikailaza juu ya mchoro, nikafuata mistari mwenyewe kwa mkono huu wa kumenya ndizi. Uso haukutoka vizuri, Mama. Macho yamekuwa ya mtu mwingine. Lakini lile bega la kushoto lililolala ni lake kabisa. Nikaandika chini: Kamugisha wa Kamuli. Memsahib akatazama, akachukua penseli, akaongeza herufi iliyokosekana kitabuni mwake. Kesho yake sanduku la vitabu likapigiliwa misumari.

Mchoro nimeuviringisha ndani ya ganda kavu la mgomba, nimempa mfanyabiashara wa ngozi anayevuka mto pale Murongo kuja huko kwetu. Memsahib akishaondoka sina kazi huku, nitakuja.

Nisalimie shangazi aliyetulea ulipougua, dada mkubwa na wanawe, na katekista anayekusomea haya. Mwambie asiharakishe. Baba mdogo akisema karatasi hiyo ya mchoro izikwe kibanjani, kwenye migomba yetu, ubavuni mwa marehemu baba, kwa kuwa mwili haukurudi, sina neno. Ila mtazameni kwanza, na mningoje nifike. Siku ile nilimzika bila ndugu mwingine hata mmoja.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Adventina