Profesa Alifuta Sura Nzima

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama na wote hapo Birongo. Mguu wako unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku ng'ambo imenipasua midomo.

Najua bado umekasirika kwamba niliacha sheria nikachukua falsafa. Uliniandikia kuwa hiyo ni kazi ya kufikiri bure, na tangu hapo umenyamaza. Basi nikueleze jambo lililotokea juma lililopita.

Nimepata kibarua kwa profesa mmoja mzee. Macho yake yameisha, kwa hiyo yeye husema nami naandika. Anatunga kitabu cha maisha yake na mawazo yake. Tulifika kwenye sura anamosema kwamba mtu hawezi kamwe kuyajua maumivu ya mwenzake; kinachotufikia ni maneno tu. Fundisho hilo ndilo lililompa jina.

Nikaacha kuandika. Akauliza, "Kuna nini?"

Nikamsimulia habari zako, ulipokuwa mkalimani wa korti kule Kisii kabla ya uhuru. Yule mama aliyefiwa na mwanawe alisimama mbele ya hakimu Mzungu, akaulizwa swali, akalia tu. Hakimu akakuuliza, "Anasema nini?" Hukutafsiri kitu. Ulisimama tu machozi yakikutoka, mpaka hakimu mwenyewe akavua miwani, akainamisha kichwa, akaahirisha kesi.

Profesa aliweka kikombe chake cha chai mezani. Kisha akasema polepole, "Futa sura hiyo yote. Andika: nilifundisha hivi miaka arobaini, nami nilikosea."

Baba, hebu fikiria. Mtu anayesomwa nchi nyingi, amezeeka, na bado anakubali kosa lake mbele ya mwanafunzi, tena katika kitabu cha maisha yake mwenyewe. Sijawahi kuona ukubwa kama huo. Nilipiga mstari kurasa kumi na nane.

Sasa anaomba ruhusa akutaje kwa jina. Nilimwambia lazima nikuulize kwanza. Tena anataka kujua siku ile ulihisi nini pale kortini. Nilishindwa kumjibu, maana miaka yote hiyo sikuwahi kukuuliza.

Mfasirie Mama barua hii kwa Kigusii. Nisalimie shangazi Kemunto, na mjomba anayefundisha shule ya Nyanchwa, na dada yangu Moraa.

Nijibu, Baba, hata kama ni kwa kunigombeza.

Ni mimi mwanao,
Momanyi