Mwiko wa Mama Katika Ushuhuda Wako

Mume wangu wa jukwaani,

Ninakuita hivyo kwa sababu ndivyo watu wa Butembo walivyokujua kwa miaka sita, wewe na koti lako la kuazima na mto wa kitanda tumboni kama kitambi, mimi na kitenge kiunoni. Kwa dakika ishirini ulikuwa mume wangu. Zikiisha, kila mtu alipanda pikipiki akaenda kwao. Ninalitaja hili mapema kwa sababu naona umelisahau.

Unaikumbuka arusi ya kwanza tuliyoalikwa kuchekesha? Watu walikula, wakanywa, wakatutazama kama watu wanaosubiri bei ishuke. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akatuomba kwa heshima tusogee kidogo, tulikuwa tumeziba kreti za bia. Butembo ni mji wa wafanyabiashara, hata kicheko hawakitoi kabla ya kukagua mali. Kesho yake asubuhi ulikuja kwetu ukaniambia kosa letu: tulikuwa tunaukimbilia mzaha kama watu wanaokimbia mvua. "Tunyamaze kwanza," ulisema. "Mutu akingojea sana, atacheka hata kama hakuna kitu." Hapo nakupa haki yako. Kunyamaza nilifundishwa na wewe.

Mchezo wenyewe niliuandika mimi, kwenye daftari la shule lililobaki kurasa tisa. Mume anarudi amelewa kasiksi, ile pombe ya ndizi, anapiga kelele mlangoni, "Mama batoto, bugali iko wapi?" Mke anatoka jikoni na mwiko mkononi. Kimya. Ulikuwa unahesabu mpaka nne kwa vidole nyuma ya mgongo. Kisha unavua kofia, unashusha sauti: "Nilikuwa ninauliza tu kama batoto balikula." Hapo watu walikuwa wanashika mbavu. Kule Bungulu, tuliposhuka Beni mara ya kwanza, tuliwakuta watu waliotoka kwenye vilio vingi kuliko arusi. Mama mmoja alicheka mpaka akajifunika uso, kisha akatufuata nje, akatushika mikono, akatushukuru, "wasingya, wasingya", na hakusema lingine. Siku ile niliona kwamba kazi yetu si ya kipumbavu kama wajomba zangu walivyodhani.

Kisha ile siku ya mvua, chini ya baraza la duka la mabati, uliniuliza mchezo ule niliutoa wapi. Nikakwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Kwetu Vuhovi mwiko ulikuwa mkononi mwa baba. Jioni mama alikuwa anauficha kabla baba hajarudi, na sisi watoto tulijua kila mahali: chini ya gunia la maharagwe, nyuma ya mtungi, siku moja hata ndani ya kitanda chetu. Nilipokua niliiandika nyumba ile ile, nikabadilisha mkono tu. Hakuna ufundi mwingine niliouweka. Mama alipokuja kututazama alikaa mbele kabisa, na pale penye mwiko alicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukanishika bega, ukasema, "Hii itabaki hapa." Nikakuamini.

Ulipookoka ukahamia Beni, nilifurahi, na Mungu anajua. Sina ugomvi na kanisa. Mama yangu ni wa kwaya ya wamama, na mimi nikiwa mbele ya watu ninaomba kimoyomoyo kuliko washirika wengi.

Mwezi uliopita mama aliniita. Nilimkuta anachambua maharagwe, redio iko pembeni. Alikuwa amesikia ushuhuda wa mtumishi mmoja wa Beni, zamani mchekeshaji, ambaye alikuwa akirudi amelewa kasiksi na kumpiga mke wake kwa mwiko, mpaka mke akawa anauficha chini ya gunia la maharagwe. Mtumishi analia, watu wanalia naye, wanamshangilia kwa kuokolewa. Mke hukumtaja jina. Ulisema tu, yule niliyekuwa naye jukwaani. Mama hakuacha kuchambua.

"Batu bote banamusamehe makosa ya baba yako," alisema. "Mais baba yako alikufa bila kuniomba pardon. Donc mimi mwenye kupigwa, nani ataniuliza?"

Wewe hujawahi kuoa. Kasiksi uliyokuwa unalewa jukwaani ilikuwa chai ya rangi, niliipika mimi, na ulikuwa unalalamika sukari ni kidogo. Mtu wa kwanza niliyemwona anaokolewa kutoka kwenye chai ni wewe.

Watu walinitumia video. Niliisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza niliisikiliza kama mtoto wa mama yangu, nikajikuta natafuta mwiko umefichwa wapi. Mara ya pili niliisikiliza kama yule mke uliyenifanya, nikaona aibu ya kitu ambacho hakikunipata. Mara ya tatu niliisikiliza kama mwandishi, nikagundua kwamba ulikuwa umekata sentensi ya pili ya mchezo wangu, na kusema kweli, ulikata vizuri. Na pale penye mwiko ulinyamaza, ukahesabu mpaka nne. Hapo ndipo nilipoizima video.

Wajomba zangu nao walishuka kutoka Vuhovi, watatu, na kofia zao za vikao. Walitaka kujua niliolewa lini. Niliwaeleza kuhusu jukwaa, mto na chai. Mkubwa wao alisikiliza yote kwa subira, kisha akauliza, "Sawa. Na mbuzi za mahari, nani alizikula?" Zamani ningeshukuru kupata sentensi kama hiyo bure. Sasa hivi sijui hata niiweke wapi.

Kwa sababu mchezo umekufa. Niliujaribu tena hapa Butembo na mwenzangu mpya, kijana mzuri, anajua kunyamaza. Nilipotoka na mwiko, ukumbi wote ulipoa. Mwanamke mmoja alipanda mbele, akanifunika mabega kwa kitenge chake, akaniambia pole. Wanaume wakamtazama mwenzangu vibaya, maskini, na mto wake tumboni. Mahali pekee ambapo mama alikuwa anacheka habari ya nyumba yake, umepafanya pawe matanga.

Kinachonichukiza zaidi si uongo. Mimi na wewe tumekula kwa uongo, ni kazi yetu. Lakini tulidanganya watu ambao wanajua wanadanganywa, na walicheka kwa sababu walijua. Wewe umechukua maumivu ya mtu mwingine ukayavaa kama lile koti la kuazima, na umewaacha watu waamini ni ngozi yako. Mchekeshaji mbaya watu wanamzomea, anarudi nyumbani kujifunza. Wewe wanakuitikia amina, utajifunzia wapi?

Nilikuwa nimeandika kurasa mbili za matusi hapa. Nimezitoa, mama hapendi.

Nimeona tangazo kwamba Jumapili hii unatoa ushuhuda tena, huko Mavivi. Tutashuka mimi na mama asubuhi na mapema. Usiogope, hatutapiga kelele, sisi pia ni watu wa kanisa. Tutakaa mstari wa mbele, mahali alipozoea. Mimi sitaki uniombe chochote, maana hukunioa na hukunipiga. Mwenye maumivu yupo, ana jina, na hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo ukifika pale penye mwiko, nyamaza kama ulivyonifundisha. Hesabu mpaka nne. Sasa hivi mwiko upo kwetu, ule ule wa Vuhovi, mama hakuutupa. Nilitaka niingie nao mimi kama zamani, lakini amekataa. Anasema safari hii ataubeba mwenyewe.

Ni mimi, mke wako wa dakika ishirini,
Mama Batoto