Askari Ameacha Kujilamba

Kaliua, Machi 1975

Kaka Tobias, shikamoo.

Huku kijiji kipya sisi wazima, na mahindi yamebeba.

Mbwa uliyetuachia, Askari, alijilamba nyayo mpaka zikatoka damu. Mimi nikatangaza kisimani kwamba jirani yetu, Bi Mwanne, amemroga. Watu wakaacha kumsalimu.

Hata hivyo alikuja na maji ya mwarobaini. Yeye Mwislamu asiyegusa mbwa, akamwosha kwa mikono yake. “Mwanangu, majani ya huku yanamwasha. Akitoka porini mwoshe, umkaushe.”

Askari akapona, lakini maneno ya watu hayakukoma. Jana Bi Mwanne alihamia Ipuli kwa mwanawe. Akielekea stesheni alisimama mlangoni kwangu.

“Flavia, mbwa hajambo?”

Nilikuwa ndani. Sikuitika.

Mdogo wako mwenye haya,
Flavia