Nimecheza Bolingi na Rehema

Jumapili, Agosti 2006

Mkono bado unaniuma, lakini leo nimefurahi sana.

Tangu tumzike mume wetu, mimi na mke mwenzangu Rehema tulikuwa hatusemezani. Kwa hivyo nilishtuka pale ukumbini Kitale, jirani niliyepangwa kucheza naye bolingi, ule mchezo wa kuviringisha mpira uangushe pini, alipougua, naye Rehema, aliyekuja kutazama tu, akasimama.

"Mimi nitacheza na yeye."

Mashindano yalikuwa ya kila mtu, hata asiyejua. Ningekataa vipi?

Mpira wangu wa kwanza ulienda pembeni, haukugusa pini hata moja. Watu wakacheka. Niliogopa Rehema naye angecheka.

"Si uniangalie mimi, dada," akasema. Akarusha. Wake pia ukaenda pembeni.

Hapo tukacheka wote wawili mpaka nikakaa chini. Tumekuwa wa mwisho kabisa.

Tukirudi Bungoma nikamuuliza kama bado ananichukia.

"Ati mimi? Nilidhani ni wewe unanichukia!"

Ile mambo ya kugawana shamba la Ndalu alilotuachia marehemu bado hatujaigusa, na inanitia wasiwasi. Lakini nilimwambia asiende kwake leo. Amelala chumba cha pili, anakoroma, bana. Alhamdulillahi.