Sanduku ya Ilunga pa njia panda

Jeannette, sikia mambo nimeona leo!!

Wamotari, wale wa teksi za pikipiki, walikuwa wanapeleka mwenzao Ilunga makaburini, ule aligongwa na kamyo ya mizigo juzi pa njia panda ya soko.

Unajua desturi yao: matawi kwa pikipiki, honi, na kila mutu asimame. Palepale pa njia panda, mwenye toleka mumoja akapita na baiskeli yake ya abiria, amebeba muke wake mugonjwa. Wakamuangusha. Fimbo! Mateke! Meno chini!

"Unazarau maiti yetu?"

"Muke wangu anakufa!"

Analia muke wake anakufa, Jeannette, nao wanapiga tu.

Polisi wakafika, wakapiga risasi juu. Wote wakakimbia, hata wabebaji. Wakatupa sanduku ya maiti katikati ya barabara!

Ilunga akabakia pale peke yake. Na magari yote yakasimama.

Siku kamyo ilimugonga, hakuna hata gari moja ilisimama.